Tutawaandaaje wanafunzi wa Gredi ya 10 kwa mtihani ambao haujawahi kufanywa?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule ya kutwa, kaunti ya Kwale, na mwaka huu nimepewa kusimamia masomo ya Gredi ya 10. Hawa ndio watakaofanya mtihani wa kwanza wa kitaifa wa Gredi ya 12, mwaka 2028. Wazazi wanauliza karatasi za miaka iliyopita ziko wapi. Mwalimu mkuu anataka tuanze kuwapa moko (mitihani ya majaribio) za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, mapema ili wazoee. Nami sina karatasi hata moja ya kuwaonyesha. Nianze wapi?

Jibu:

Mwalimu mwenzangu, anza kwa kumwomba mwalimu mkuu aziweke kando hizo moko za KCSE. Mpe sababu, usimpe malalamiko. KCSE ilitungwa kupima mtaala wa zamani wa 8-4-4, na watahiniwa wake wa mwisho watakaa mwaka 2027. Watoto wako wametoka njia nyingine, ya mtaala wa umilisi (CBC), tangu wakiwa wadogo. Ukiwafunza kwa karatasi hizo, utakuwa unawaandaa kwa mtihani ambao utakuwa umeshazikwa kabla hawajaingia chumba cha mtihani.

Kisha angalia kundi lenyewe ulilokabidhiwa. Watoto hawa wamekuwa wa kwanza kila walipopita. Walikuwa wa kwanza kufanya KPSEA, tathmini ya Gredi ya 6, mwaka 2022, wa kwanza kuingia Gredi ya 7 mwaka 2023 walimu wakiwa wachache na maabara hakuna, na wa kwanza kufanya KJSEA, tathmini ya Gredi ya 9, mwaka 2025, wakiwa zaidi ya milioni moja na laki moja nchi nzima. Hata shule zilipofungwa kwa sababu ya korona mwaka 2020, wao, wakiwa Gredi ya 4, ndio walioitwa kurudi Oktoba pamoja na darasa la nane na kidato cha nne. Hawajawahi kuwa na karatasi ya zamani ya kutegemea. Wenye hofu hapa ni sisi walimu na wazazi, tuliozoea kupekua rundo la karatasi za miaka kumi na kubahatisha swali litakalorudi. Tukiwaambukiza wanafunzi hofu hiyo mapema hivi, tutakuwa tumewanyang'anya kitu walichokuwa nacho.

Jambo hili pia si geni nchini. KCSE yenyewe ilifanywa mara ya kwanza mwaka 1989, na watahiniwa wake hawakuwa na karatasi ya kuiga. Mfumo ule uliagiza masomo ya mikono, wazazi wakachangishana harambee kujenga karakana, na shule nyingi zikafika siku ya mtihani bila karakana wala vifaa. Kilichowaumiza watoto wa shule zile ni kwamba walipimwa kazi ambazo mikono yao haikuwahi kuzigusa. Kukosa karatasi za zamani lilikuwa jambo dogo kando ya hilo. Nakuomba ulishike hili, kwa sababu ndilo litakaloamua matokeo ya shule yako mwaka 2028: je, mwanafunzi ameyafanya yale ambayo mtaala unasema ayafanye, au ameyasikia tu?

Kuna upande mmoja wa mtihani mpya ambao huna uwezo nao, nao ni mahali mipaka ya madaraja itakapowekwa. Uingereza ilipoanza kutumia madaraja ya 9 hadi 1 katika GCSE, mtihani wa vijana wa miaka kama 16, mwaka 2017, msimamizi wa mitihani alilinda kundi la kwanza kwa hesabu za takwimu ili lisiumizwe na ugeni wa mtihani. Katika Hisabati ya ngazi ya juu, daraja la 4, ambalo ndilo la kufaulu, lilipatikana kwa chini ya asilimia 20 ya alama. Jirani zetu Tanzania walipitia kinyume chake. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalitoka kwa utaratibu mpya wa madaraja, zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa wakapata daraja la sifuri, yaani kufeli, na Mei 2013 serikali ikayafuta na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu wa awali. Watoto walikuwa wale wale na majibu yale yale. Nakueleza haya ili usitumie nguvu zako mahali ambapo hazifiki. Mipaka ni kazi ya KNEC, baraza la mitihani la taifa. Yako ni kuhakikisha kwamba mtoto akipewa swali lolote la haki kutoka kwenye mtaala, ana la kusema.

Na mtaala unao mkononi. Mtihani wowote wa KNEC lazima utoke kwenye muundo wa mtaala uliotolewa na KICD, taasisi ya kuandaa mitaala; hauna kwingine pa kutoka. Chukua ule wa Biolojia, keti na wenzako wa idara, mpitie mada ndogo moja baada ya nyingine. Msisome majina ya mada tu, kwa sababu mengi mnayajua tangu enzi za 8-4-4. Someni safu ya matokeo maalum yanayotarajiwa, na mpige mstari chini ya kila kitenzi. Mtakuta kueleza, kuchunguza, kulinganisha, kubuni, kuchanganua. Halafu ulizaneni kwa ukweli: darasani wiki iliyopita mwanafunzi alichunguza, au mwalimu alichunguza ubaoni naye akanakili? Maswali dadisi yaliyo kando pia msiyaruke. Walimu wengi huyaona kama mapambo, kumbe ni vielelezo vizuri vya aina ya fikra ambayo mtunzi wa mtihani ataitafuta.

Zipo pia karatasi za KJSEA ya mwaka 2025 na sampuli zilizotolewa na KNEC kabla yake. Ni za Gredi ya 9, ndiyo, lakini zinaonyesha mkono wa mtunzi. Utaona kisa kifupi, picha au jedwali, kisha maswali yanayomtaka mtoto atumie anachokijua kwenye hali aliyopewa. Sitarajii mkono huo ubadilike ghafla wakifika Gredi ya 12.

Sasa tuingie darasani kwako, na hapa nitakaa kidogo. Chukua mada ya osmosisi. Swali tulilozoea lingesema: "Eleza maana ya osmosisi. Taja mambo mawili yanayoathiri kasi yake." Mwanafunzi mwenye kumbukumbu nzuri anapata alama zote bila kuelewa lolote. Litunge upya hivi, kwa Kiingereza cha darasani bila shaka: Mkulima wa Matuga aliona miche yake ya mchicha imedumaa. Akaongeza mbolea ya dukani mara tatu ya kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko. Kesho yake miche ikanyauka ingawa udongo ulikuwa na maji. Mwanafunzi mmoja akakata vipande vya kiazi vya sentimita 5 kila kimoja, akavitia kwenye maji yenye viwango tofauti vya chumvi kwa muda sawa, kisha akavipima. Kwenye maji matupu kipande kilifika sentimita 5.3, kwenye chumvi asilimia 1 kikabaki 5.0, kwenye asilimia 3 kikawa 4.7, kwenye asilimia 5 kikawa 5.2, na kwenye asilimia 10 kikawa 4.5. Sasa uliza: Kwa nini miche ilinyauka? Jaribio hili linamsaidiaje mkulima kuelewa tatizo lake? Ni kipimo kipi usichokiamini, na ungefanya nini kabla ya kutoa uamuzi? Mkulima afanye nini leo ili aokoe miche iliyobaki?

Soma majibu utakayopata. Mmoja atakuandikia fasili ya osmosisi kama ilivyo kitabuni, bila hata kumtaja mkulima. Wa pili atasema mbolea imefanya maji ya udongoni yawe na chumvichumvi nyingi kuliko maji ya ndani ya mizizi, kwa hiyo maji yanatoka kwenye mmea badala ya kuingia. Wa tatu atasema hayo, aongeze kwamba ile 5.2 haiendani na mwelekeo wa vipimo vingine na inafaa kurudiwa, kisha amshauri mkulima amwagilie maji mengi kuisukuma mbolea chini ya mizizi. Kwa maneno ya mtaala, wa kwanza anakaribia matarajio, wa pili amefikia, wa tatu amezidisha. Kwa mwongozo wa kusahihisha tuliouzoea, ule wa alama moja kwa neno moja, huenda huyo wa kwanza ndiye angeondoka na alama za bure.

Jaribio lenyewe linataka kiazi, chumvi, kisu na rula. Shule haina kisingizio.

Ndiyo maana nasema kazi kubwa zaidi iko kwa walimu kabla haijawa kwa wanafunzi. Tunapaswa kujifunza kutunga maswali ya namna hii na kuyasahihisha kwa usawa. Kutunga ni kugumu mwanzoni. Kila mwalimu wa idara atunge swali moja kwa wiki mbili, kisha mwenzake ajaribu kulijibu kwa maandishi kabla halijafika darasani. Swali lililomkanganya mwalimu halifai kupewa mtoto. Kwenye kusahihisha, fanyeni kama watahini wa KNEC wanavyofanya kabla ya kugawiwa mabunda ya karatasi: wote wasahihishe nakala zile zile chache kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe. Utashangaa nakala moja inavyopata alama 4 kwa mwalimu huyu na 9 kwa yule. Zungumzeni mpaka mkubaliane kwa nini. Kama idara yako ina mwalimu mmoja tu wa Biolojia, tafuta shule mbili za jirani mfanye pamoja. Na shule ikipata pesa kidogo, afadhali igharamie mwalimu mmoja kwenda mafunzo ya utahini ya KNEC kuliko kununua mitihani iliyopakiwa.

Hiyo mitihani ya kununua, kwa kweli, ikatae kabisa. Tayari wapo wanaouza karatasi walizoandika "mtihani wa majaribio wa Gredi ya 12". Nyingi ni maswali ya KCSE yaliyobadilishwa kichwa. Zinampa mwalimu mkuu wastani wa kubandika kwenye ubao wa matangazo, na zinamfundisha mtoto kwamba kazi yake ni kukumbuka.

Utaniuliza nani atasahihisha majibu marefu ya wanafunzi hamsini kwa mkondo. Ni swali la haki. Usisahihishe yote kwa kina. Mpe kila mwanafunzi rubriki (jedwali la vigezo vya kupimia jibu) ya viwango vinne kwa lugha nyepesi, wabadilishane daftari na kupimana, wewe uchukue theluthi moja ya daftari na uzisome kwa makini, theluthi nyingine wiki mbili zijazo. Mwanafunzi aliyewahi kuamua kwamba jibu la mwenzake "limekaribia lakini halijafika", na akalazimika kueleza ni kwa nini, ameielewa rubriki kuliko aliyeandikiwa alama nyekundu mara kumi.

Kuna jambo lingine ambalo shule nyingi za kwetu zitalitambua kwa kuchelewa: kusoma. Swali la kisa lina maneno mengi. Mtoto anayeijua Biolojia lakini anasoma Kiingereza kwa kupapasa ataishiwa na muda akiwa bado kwa mkulima wa mchicha. Ripoti ambazo KNEC hutoa kila mwaka baada ya KCSE zimekuwa zikieleza, swali kwa swali, jinsi watahiniwa wanavyojibu kitu ambacho hawakuulizwa. Ripoti hizo, kwa maoni yangu, zina faida kwako kuliko karatasi zenyewe za KCSE, kwa sababu mtaala unabadilika lakini makosa ya kusoma swali hayajabadilika. Tenga dakika kumi katika kipindi kimoja kila wiki. Waonyeshe swali, wasijibu. Waseme tu limetoa taarifa gani, linataka nini, na neno lipi linaamuru. Fanyeni hivyo katika masomo yote, Hisabati ikiwemo. Lugha isiachiwe mwalimu wa Kiingereza peke yake.

Najua pia hali ya shule yako ilivyo mwaka huu, kwa sababu ndiyo hali ya shule zote za sekondari. Kidato cha pili hakipo. Kuna Gredi ya 10, kidato cha tatu na kidato cha nne chini ya paa moja, walimu wale wale, mifumo miwili. Mwakani itakuwa Gredi ya 10, Gredi ya 11 na kidato cha nne cha mwisho. Hatari iliyopo ni kwamba KCSE ina wastani unaotangazwa, kwa hiyo kila nguvu itakwenda huko: vipindi vya asubuhi, mwalimu hodari, na zaidi ya yote maabara. Mtihani wa vitendo wa Biolojia wa KCSE una alama 40, basi muhula wa pili wote maabara inakuwa ya kidato cha nne, na Gredi ya 10 wanachorewa darubini ubaoni. Ukiacha hali hiyo kwa miaka miwili, mwaka 2028 utawapata watoto walewale wa 1989 niliowataja. Dai kwa maandishi vipindi viwili vya maabara kila wiki kwa Gredi ya 10, viwekwe kwenye ratiba ya shule, visiguswe hata wakati wa moko za kidato cha nne.

Kabla hujaenda mbali, jua wamefika wakiwa wapi. Matokeo ya KJSEA hayatoi jumla tu. Kila somo kati ya masomo tisa lina kiwango chake, kutoka BE2 (chini kabisa ya matarajio) chenye pointi 1 hadi EE1 (kuzidisha matarajio) chenye pointi 8. Chukua viwango vya Sayansi Jumuishi na Hisabati vya kila mwanafunzi wako. Utakuta waliochagua mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) wakiwa na kiwango cha chini katika Hisabati, na huenda hakuna aliyewauliza lolote. Kumbuka vilevile kwamba KJSEA yenyewe ilibeba asilimia 60 tu ya alama ya mwisho. Asilimia 20 zilitoka KPSEA na nyingine 20 kwenye tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, kwa hiyo kiwango kilichoandikwa hakikuambii moja kwa moja mtoto anaweza kufanya nini mbele ya darubini leo. Wape zoezi fupi la vitendo na la kuandika, lisilo na alama ya kutangazwa, uone mwenyewe mapengo yako wapi. Wengi watakuwa hawajawahi kushika slaidi. Anzia hapo, hata kama ratiba ya mada inakukimbiza.

Kuhusu tathmini za shuleni, nitasema wazi. Kuna kishawishi cha kuzipandisha alama hizo, kwa huruma au kwa amri kutoka juu. Usikubali, na usiwaruhusu wenzako. Mtoto aliyeandikiwa kwamba amezidisha matarajio huku hajui kupima urefu wa kipande cha kiazi ameibiwa miaka miwili ya kusaidiwa, kwa sababu karatasi inasema hahitaji msaada. Fungua faili ya kila mwanafunzi: kazi ya mradi yenye tarehe, picha ikiwezekana, rubriki iliyojazwa na sahihi ya mwalimu. Somo la Huduma kwa Jamii, ambalo ni la lazima kwa kila mkondo, lipewe faili yake pia. Msilifanye siku ya kufyeka nyasi za zahanati mara moja kwa mwaka halafu mkajaza fomu jioni.

Sasa moko. Sizipingi moja kwa moja, ila kila moja ina wakati wake. Gredi ya 10 isiwe na moko yoyote, watoshe na mazoezi ya darasani ya aina niliyoeleza na mtihani wa kawaida wa mwisho wa muhula mliotunga wenyewe. Mwisho wa Gredi ya 11 wafanye mtihani mmoja mzima, wenye muda kamili na ukumbi uliopangwa. Gredi ya 12 wafanye miwili, mkifuata muundo wowote ambao KNEC itakuwa imeutoa kwa waraka. Waraka huo ukitoka, usomwe mbele ya walimu wote siku hiyo hiyo, maana nimeona shule ambazo waraka muhimu hukaa kwenye droo ya ofisi mpaka muhula unaisha.

Wazazi waite mkutanoni kabla muhula haujaisha. Usiende na hotuba juu ya mtaala. Nenda na lile swali la mchicha na yale majibu matatu, yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili na yasiyo na majina ya wanafunzi, uwagawie. Waache wao wenyewe waamue lipi ni bora. Kwale ni kaunti ya wakulima na wavuvi. Watakuwepo watakaomkosoa hata mwanafunzi wa tatu juu ya mbolea, na watakuwa na haki. Baada ya hapo waeleze kwamba hakuna karatasi za zamani kwa shule yoyote, hata zile kubwa zinazotajwa kwa heshima, na kwamba kwenye jambo hili mtoto wa shule ya kutwa ya Kwale amesimama mstari mmoja na yeyote. Watakuuliza mtoto amepata ngapi kwa mia. Waonyeshe kiwango chake, na useme kwa kila kiwango anaweza kufanya nini na bado hajaweza nini.

Mwalimu mkuu akiendelea kushikilia moko za KCSE, mwombe jambo moja tu: akubali darasa moja la Gredi ya 10 lifanye swali la mchicha na swali la zamani la osmosisi wiki moja, kisha akae na wewe mzisome pamoja nakala ishirini za kila swali. Peleka rubriki na kalamu mbili.